Kicheko cha Jasusi

Msafiri asimamaye Ras Kisimani, ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia, pahala ambapo mji wa kale uliofungamana na utawala wa Kilwa umeliwa na bahari kidogo kidogo hata yakabakia mawe ya kuta na vigae vya vyombo vilivyotapakaa ufukoni, akielekeza uso wake upande wa bara huwa anatazamana na delta ya Mto Rufiji, yenye milango mingi ya maji ya tope, Simba Uranga na Kikunja na mingineyo, na msitu wa mikoko uliofungana kiasi cha kuficha chochote kitakiwacho kufichwa. Mkondo wa bahari uliopo baina ya pande mbili hizi si mpana, na vyombo vya abiria huukata vikienda na kurudi kati ya Nyamisati na Kilindoni. Katika mikoko hiyo, zaidi ya miaka 100 iliyopita, kilifichwa kitu ambacho kutafutwa kwake kulizaa kisa cha kijasusi cha kweli. Kisa hicho baadaye kikazaa filamu. Na filamu hiyo, kwa sadfa ambayo wapenzi wengi wa sinema hawajaitambua, iliwakutanisha watu wawili waliosimama pande mbili za hoja ninayokusudia kuieleza hapa, nayo ni hii: jasusi wa sinema apasa kutuchekesha, au apasa kututia hofu?

Kilichofichwa kilikuwa manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg. Manowari hiyo, baada ya kuishambulia na kuizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, ilikimbilia Rufiji ikajichimbia katika vijito, na mabaharia kadhaa wa Pegasus waliouawa siku ile wamelala hata leo katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mkabala wa Mji Mkongwe. Waingereza, walipoona kwamba manowari zao kubwa haziwezi kuingia mtoni bila ya kukwama, waliiteka Mafia mwezi wa Januari 1915, wakaifanya kituo cha ndege zao, na wakamtumia mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini, Pieter Pretorius, ajipenyeze mikokoni akiongozwa na wenyeji, aipeleleze meli ilipo na apime kina cha maji ya vijito hivyo. Hiyo ndiyo kazi ya ujasusi ilivyo katika asili yake, kazi isiyo na suti nyeusi wala meza ya kamari, bali tope, mbu, ufito wa kupimia maji, na khofu ya kukamatwa usiku na kupigwa risasi alfajiri. Mwezi wa Julai meli mbili za Kiingereza zisizohitaji maji mengi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni, zikaelekezwa shabaha na marubani waliokuwa wakiruka kutoka Mafia, na tarehe 11 Königsberg ikawa gofu. Mizinga yake 10 mikubwa Wajerumani waliing'oa wakaivuta nchi kavu, wakaendelea kupigana nayo bara.

Wilbur Smith alikichukua kisa hicho akakitungia riwaya mwaka 1968, akaibadili manowari jina akaiita Blücher, na mwaka 1976 riwaya ikafanywa filamu iitwayo Shout at the Devil. Haikupigwa Rufiji wala Mafia. Ilipigwa Afrika Kusini, wakati ubaguzi wa rangi ungali ndiyo sheria ya nchi, na sehemu nyingine Malta, basi anayeitazama kwa matumaini ya kuiona mikoko yetu ataikosa. Lakini mwongozaji wake alikuwa Peter Hunt, na mmoja wa waigizaji wake wakuu, pamoja na Mmarekani Lee Marvin, alikuwa Roger Moore. Hunt ndiye aliyeiongoza, mwaka 1969, filamu ya James Bond yenye huzuni kuliko zote za zama zake, On Her Majesty's Secret Service, ambayo mwisho wake bibi harusi anapigwa risasi ndani ya gari saa chache baada ya kufunga ndoa. Na Moore, aliyemwigiza Bond mara 7 baina ya mwaka 1973 na 1985, ndiye aliyemfanya jasusi huyo kuwa mtu wa mzaha, mwenye kunyanyua unyusi mmoja mahala ambapo mwingine angetoa bastola.

Na filamu hiyo waliyoifanya pamoja imekatika mapande mawili, kama kwamba kila mmoja alipewa pande lake. Nusu ya kwanza ni vichekesho vitupu: mlevi wa Kiairishi aibaye pembe za ndovu, Mwingereza muungwana anayedanganywa mchana kweupe, na ngumi za kirafiki zisizokwisha. Kisha afisa wa Kijerumani na askari wake wanaivamia nyumba, mtoto mchanga anauawa, na kicheko kinakatika ghafla. Toka hapo mpaka mwisho ni kisasi. Wako wanaoona kwamba filamu imeharibika pale ilipobadilika. Mimi nashikilia kwamba pale ndipo ilipopata nguvu, na kwamba lau isingalitufanya tuwapende watu wale kwa kuwacheka, mauti ya yule mtoto yasingalituuma. Haya nayasema mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi, maana katika jambo hili hapana aliye kadhi. Kila mtu ni mdai.

Filamu za Bond zilizotolewa na nyumba moja, kuanzia Dr. No ya mwaka 1962 hadi No Time to Die ya mwaka 2021, ni 25, na waigizaji waliomwigiza mhusika mkuu ni 6. Katika muda huo wote mfululizo huu umekuwa ukienda upande mmoja na kurudi upande wa pili. Sean Connery, aliyetangulia, alikuwa na mzaha mkavu, neno moja tu baada ya kumwua mtu, kisha anakwenda zake. Ilipotoka ile ya Hunt ya mwaka 1969 mapato hayakuwa kama yalivyozoeleka, na wenye mali wakarejea kwenye mchezo. Mwaka 1979, wakifuata wimbi la filamu za anga za juu, walitoa Moonraker, ambamo Bond anakimbizwa katika mifereji ya Venice ndani ya mtumbwi unaogeuka gari na kupanda uwanjani, na njiwa mmoja anaonyeshwa akigeuza shingo mara mbili kwa mshangao. Wapenzi wa makini hawajamsamehe yule njiwa mpaka leo. Hata hivyo filamu hiyo ilikusanya dola milioni 210 hivi ulimwenguni, na ikakaa kileleni mwa mfululizo kwa mapato mpaka mwaka 1995. Hivyo asemaye kwamba watu walichukizwa na mzaha huo ana deni la kueleza ni nani waliokuwa wakinunua tikiti. Baada yake wakaja na For Your Eyes Only ya mwaka 1981, inayofunguka makaburini, Bond akiweka maua juu ya kaburi la mkewe. Timothy Dalton, aliyerejea kwenye vitabu vya Ian Fleming ili amjue Bond wa asili, akamfanya mtu mwenye ghadhabu na majeraha, na Licence to Kill yake ya mwaka 1989 haikupata pato zuri Marekani. Mwaka 2002 likaja gari lisiloonekana kwa macho. Miaka 4 baadaye, kana kwamba kwa kutubu, akaja Daniel Craig, anayetokwa na damu.

Hoja hizi nimepata kuzisikia zikigongana hapo hapo Ras Kisimani, katika dago la wavuvi, jioni moja ambapo upepo wa kusi ulikuwa umewazuia watu kutoka, na kijana mmoja akitazama Bond wa Craig katika simu iliyochajiwa kwa umeme wa jua. Mjomba wake, aliyeishi Dar es Salaam ujanani na kuzijua sinema za Empire na Avalon na Odeon, alichungulia kidogo, akatikisa kichwa.

"Huyu hacheki hata kidogo," alisema. "Ana nini?"

"Mjomba, yuko kazini huyu. Ameteswa, mwanamke wake amekufa, acheke nini? Yule wenu wa zamani alikuwa mchekeshaji tu."

"Mwanangu, mtu anayecheka akiwa juu ya kamba inayowaka moto ndiye shujaa. Anayelia juu yake ni kama mimi na wewe, na mimi sikutoa kiingilio ili nijitazame."

"Sasa shikamoo yangu naipeleka kwa yupi, anayeogopa akaenda, au asiyeogopa kitu?"

Mjomba hakujibu mara moja. Alisema tu kwamba yule wa zamani naye alikuwa akiogopa, ila alikuwa na adabu ya kutoonyesha. Nimeyasoma mengi yaliyoandikwa na wajuzi wa sinema juu ya jambo hili, na sidhani kuwa wamelifikia lile jibu la dagoni.

Maana kosa la mashabiki wengi, wa upande huu na ule, ni kuupima mzaha kwa wingi wake, wakahesabu vichekesho vingapi vimo na vingapi vimezidi. Ilhali la kuuliza ni mzaha umetoka wapi, ndani ya hatari au nje yake. Nitaeleza kwa mifano miwili, yote ya zama za Moore, ili isidhaniwe kwamba namwonea mmoja nikimpendelea mwingine.

Katika The Man with the Golden Gun, ya mwaka 1974, Bond analirusha gari juu ya daraja lililovunjika nchini Thailand, nalo likiwa hewani linabingirika mzunguko mmoja kamili, kisha linatua ng'ambo ya pili kwa matairi yake manne. Kitendo hicho hakikuwa hila ya kamera. Kilipigiwa hesabu mapema kwa kompyuta katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, uzito wa gari na mwendo wake na mwinamo wa mbao za daraja, na dereva akakifanya mara moja tu, kikakubali. Mtu aliiweka roho yake rehani kwa muda wa pumzi moja. Na waliotengeneza filamu, wakiwa na johari hiyo mkononi, waliipambia kwa sauti ya filimbi ya kitoto inayopanda na kushuka pamoja na gari. Hadhira ikacheka, na kwa kucheka ikanyang'anywa kile ilichokuwa imekitazama. John Barry, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, alikuja kuijutia filimbi ile, na alikuwa na haki ya kujuta. Huo ni mzaha uliotoka nje: hakuna aliyemo ndani ya gari anayefanya mzaha; anayefanya mzaha ni mtu aliyekaa salama studioni, akitupa ishara kwamba hakuna jambo hapa.

Mfano wa pili ni Octopussy ya mwaka 1983, ambayo wengi huitaja kwa dharau kwa sababu ndani yake Bond anavaa nguo za mchekeshaji wa sarakasi, pua nyekundu na viatu vikubwa, na uso uliopakwa rangi nyeupe. Lakini na tuitazame vizuri. Filamu hiyo, tangu mwanzo wake, imetuonyesha jasusi mwenzake, nambari 009, akikimbia usiku huko Berlin akiwa katika mavazi hayo hayo ya mchekeshaji, kisu kimemwingia mgongoni, anaanguka kupitia dirisha la nyumba ya balozi, na mkononi mwake linabiringika yai la vito. Tangu dakika ile mavazi ya kuchekesha yamekuwa kwetu mavazi ya maiti. Basi Bond anapoyavaa mwishoni, ndani ya kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Ujerumani Magharibi, kwa kuwa hana njia nyingine ya kuwapita walinzi, akaingia ulingoni kumweleza jenerali kwamba chini ya mzinga wa sarakasi limetegwa bomu la atomiki, na watoto na wazazi wao wakaangua kicheko wakidhani ni sehemu ya mchezo, nasi tuliokaa gizani tunajua kwamba zimebaki sekunde chache, hapo mzaha na khofu vimekuwa kitu kimoja, wala hapana awezaye kuvitenga. Wao wanacheka kwa sababu hawajui. Sisi hatucheki kwa sababu tunajua. Na Bond, rangi ikimchuruzika kwa jasho, anaomba asadikiwe. Sijapata kuona katika filamu zote 25 tukio lenye uzito kupita hilo, nalo limebebwa na mtu mwenye pua ya mpira.

Na makini nayo huweza kutoka nje vile vile, ikapakwa juu ya kisa kama chokaa. Casino Royale ya mwaka 2006, inayosifiwa kuwa ndiyo iliyomrudishia Bond heshima yake, ina tukio la mapema lililoandikwa kwamba ni Mbale, Uganda, ambamo mwenye fedha za magendo anakutana na kamanda wa jeshi la Lord's Resistance Army. Mwigizaji wa kamanda huyo, Isaach de Bankolé wa Ivory Coast, ni hodari bila shaka. Lakini kambi hiyo ilijengwa katika bustani ya miti nchini Uingereza, na kila mtu wa Afrika Mashariki anajua kwamba Mbale ni mji ulio chini ya Mlima Elgon, mashariki ya nchi, ilhali vita vya jeshi lile viliwaangamiza hasa watu wa Acholi, kaskazini, ambako maelfu ya watoto walitekwa wakafanywa askari. Msiba wa kweli, ambao wakati filamu inapigwa ulikuwa haujakwisha, ulichukuliwa ili kuipa hadithi ya kamari sura ya kufa na kupona, kisha ukaachwa. Hautajwi tena kwa maana yoyote. Mimi naona kitendo hicho ni hafifu zaidi kuliko njiwa wa Venice, kwa kuwa njiwa hakumdhulumu mtu.

Asije msomaji akafahamu kwamba nazidharau filamu za makini. Ile ya Hunt, niliyoitaja, inakwisha kwa Bond kuipakata maiti ya mkewe, akimwambia polisi aliyesimama kwamba bibi anapumzika tu. George Lazenby, aliyekuwa akiigiza kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika nafasi hiyo, amesimulia kwamba alipolicheza tukio hilo kwanza alilia machozi, na Hunt akamtaka alirudie bila ya machozi, kwa kuwa James Bond halii. Likarudiwa. Hayo ndiyo yaliyomo katika filamu, na kwa sababu yeye hakulia, hadhira ndiyo iliyobaki na kazi ya kulia. Vivyo hivyo Moore mwenyewe, katika ile ya mwaka 1981, alisita alipotakiwa kulipiga teke gari lililoning'inia ukingoni mwa jabali na kumtosa mwuaji aliyekuwa ndani. Aliona ubaridi huo si wake. Alishawishiwa, akapiga, na ni katika dakika zake bora. Mtu wa mzaha akitenda jambo zito, uzito wake huonekana mara mbili.

Sisi tulio wasomaji wa Kiswahili tumepata kuijua hoja hii kwa njia yetu, katika vitabu, kabla ya simu na kanda za video. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alimtunga Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, anayefumbua mauaji kwa kuketi na kuwaza, na mazungumzo yake na rafikiye Najum yana bashasha na utani wa barazani kiasi ambacho msomaji husahau kuwa kuna maiti inayongoja. Elvis Musiba alikuja na Kufa na Kupona mwaka 1974, na jasusi wake Willy Gamba, anayewasaka mawakala wa makaburu, ni mtu wa risasi na ndege na hoteli kubwa, na anapofanya mzaha huwa ni wa kuvutia wanawake, si wa kuipuuza kazi. Ben Mtobwa akafuata na Joram Kiango, aliye baina ya wawili hao, mjanja, mwenye ulimi, aipendaye hatari kama wengine wapendavyo ngoma.

Wako wahakiki waliowaita Musiba na Mtobwa waigaji wa Bond, wakaishia hapo. Hawakuwatendea haki. Dar es Salaam ya miaka ile haikuhitaji kuazima ujasusi kutoka London. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake humo tangu mwaka 1963. Vyama vya ukombozi vya Msumbiji, Angola, Afrika Kusini, Namibia na Zimbabwe vilikuwa na ofisi zao mjini. Na tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alifungua kifurushi kilichofika kwa posta katika sura ya kitabu, nacho kilikuwa bomu, akafa papo hapo. Mwishoni mwa mwaka ule ule ndipo filamu ya Hunt ilipoonyeshwa ulimwenguni. Msomaji wa Gamba alipokuwa akisoma juu ya bahasha na mawakala hakuwa akisoma ndoto. Alikuwa akipita kila siku katika mtaa ambao mambo hayo yalitukia. Makini ya Musiba ilitoka ndani.

Na wakati huo huo watazamaji wetu hawakukubali kubaki na makini peke yake. Video zilipoenea, na vijana wakajazana katika mabanda waliyoyaita wenyewe vibanda umiza kwa jinsi mbao za viti zinavyoumiza, walizuka wakalimani wa filamu, wanaoiweka sauti yao juu ya sauti ya waigizaji na kukisimulia kisa kizima kwa Kiswahili. Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, alikuwa mmoja wa mashuhuri wao Dar es Salaam, na DJ Mark akawa mwingine. Uganda kazi hiyo hufanywa kwa Kiganda na watu waitwao maviijei, kama vile VJ Jingo. Mkalimani hodari hatafsiri maneno tu. Humpa adui jina la mtaani, humlinganisha jenerali na mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi, na mahala ambapo waigizaji wamenyamaza kwa huzuni yeye hutia neno likaamsha banda zima. Wenye kupenda sinema iliyo safi hulalamika kwamba wakalimani wameziharibu filamu nzito kwa kuzigeuza vichekesho, na malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, kwani wako wakalimani wanaocheka popote, hata pasipochekeka. Lakini walio bora kati yao hunyamaza saa ya kufa mtu. Nimewasikia wakinyamaza, na ukimya wa mtu ambaye amekuwa akikuchekesha kwa saa nzima hulifunga banda lote kinywa.

Hayo si ajabu kwa watu waliolelewa na utani. Katika makabila mengi ya Tanzania mtani huja msibani, na wakati ndugu wanapigwa na butwaa kwa majonzi yeye humwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, huwadhihaki wafiwa, hata huweza kuingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chake. Na wafiwa hucheka, machozi yakiwatoka. Hapana anayemwambia mtani kwamba ameuvunjia heshima msiba, kwa sababu yeye naye amefiwa, na kwa haki hiyo tu ndipo aliporuhusiwa. Mpita njia akija akafanya vile vile atapigwa. Kanuni hiyo, ambayo wazee wetu hawakuiandika popote, ingaliweza kuwaamua mashabiki wa Bond tangu mwaka 1974: filimbi ile ilikuwa ya mpita njia.

Craig, katika filamu zake tano, hakukosa mzaha kabisa kama kijana wa dagoni anavyodhani. Katika ile ya kwanza, akiwa amefungwa kwenye kiti kisicho na makalio, akipigwa kwa kamba nzito sehemu zisizotajika, humwambia mtesaji wake kwamba ana muwasho na amkune upande mwingine, na anacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kuishi. Huyo ni Bond wa asili, na ni mjukuu halali wa Moore mwenye pua nyekundu, ijapokuwa mashabiki wa wawili hao hawapendi kuambiwa ni jamaa. Lakini kadiri filamu zake zilivyoendelea, watunzi walizidi kumlimbikizia misiba, yatima aliyelelewa na baba wa aduiye, mpenzi aliyekufa, mkuu wake wa kazi aliyemfia mikononi, na mwisho, mwaka 2021, wakamwua yeye mwenyewe kwa makombora, jambo ambalo halijapata kufanywa tangu mwaka 1962. Walio wengi walilia. Mimi nilihuzunika kwa jambo jingine, kwamba mtu yule alikuwa ameelemewa na majonzi kwa muda mrefu mno hata mauti yakamfaa, na kazi ya Bond haikuwa kufaana na mauti, ilikuwa kuyakatalia.

Sasa mfululizo umo katika mikono mingine. Mwaka 2025 kampuni ya Amazon ilipata mamlaka juu ya filamu hizo kutoka kwa ukoo wa Broccoli uliozisimamia tangu mwanzo, na katika mwaka huo huo Denis Villeneuve wa Kanada akatangazwa kuwa mwongozaji wa filamu ijayo. Watu wa makini wamefurahi, kwani Villeneuve, aliyetoa Sicario na Dune, ni bingwa wa ukubwa na utulivu na vitisho. Mimi namheshimu sana, na nimo katika kundi la wanaoingojea filamu yake kwa wasiwasi, kwa kuwa katika zote alizozifanya sikumbuki hata moja ambayo mtu aliye karibu na kufa aliachiwa nafasi ya kufanya mzaha. Atampata mwigizaji mwenye mwili na macho makali, wako tele. Mwenye kuweza kulitamka neno la mzaha huku bomu likihesabu, na sisi tukajua kwamba anaogopa, ni adimu, na huyo ndiye ningependa atafutwe kwanza, kabla ya magari na kabla ya saa za mkononi.